Somo: Jinsi picha inavyoiongoza sindano ya biopsi ya titi

Biopsi ni kuchukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano ili kipimwe maabara. Uvimbe mdogo wa titi mara nyingi haushikiki kwa vidole. Hata unaoshikika, daktari akichoma kwa kukisia anaweza kutoa nyama ya pembeni, majibu yakaja mazuri ilhali ugonjwa upo.

1. Kuchagua kipimo. Ultrasaundi (picha ya mawimbi ya sauti) ikiuona uvimbe, huanza hiyo: haina mionzi, na sindano inaonekana ikitembea. Chembe za kalsiamu, yaani vidoa vidogo vigumu ndani ya titi, huonekana zaidi kwa mamogramu (eksirei ya titi). Mashine hupiga picha za pembe mbili, kompyuta ikakokotoa kina. Kinachoonekana kwa MRI (picha ya sumaku) peke yake huchukuliwa kwa MRI.

2. Kabla ya siku. Taja mzio na dawa za kuzuia damu kuganda, ila usiziache kwa uamuzi wako.

3. Sindano, kwa ultrasaundi. Unalala chali, mkono juu ya kichwa. Ganzi inawasha kidogo, kisha ngozi inachanjwa milimita chache. Sindano hupita sambamba na ukuta wa kifua ili isielekee mapafu. Kwenye skrini ni mstari mweupe unaosogea kuelekea doa jeusi. Daktari akishaiona ncha ilipo, anaifyatua sindano: tak! Mlio unashtua, kwa hiyo omba usikilizishwe mapema. Halafu anageuza kifaa cha ultrasaundi nyuzi 90 kuhakikisha sindano imo ndani ya uvimbe, haikupita kando. Kwangu mimi, hapo ndipo biopsi inapofaulu au kuharibika. Hurudia mara kadhaa.

4. Mwisho, mara nyingi huachwa ndani ya titi alama ndogo ya metali, na kidonda hukandamizwa hadi damu ikate.

Swali: Shikamoo daktari. Kuchoma hakusambazi saratani?
Jibu: Marahaba. Seli chache zaweza kubaki njiani, lakini haijaonekana kwamba hilo linafupisha maisha. Kuuacha uvimbe bila kuujua ndiko kunakonitia hofu.

Swali: Hiyo alama italia uwanja wa ndege?
Jibu: Hapana, ni ndogo kuliko punje ya mchele. Dawa zikiusinyaza uvimbe, mpasuaji huifuata alama hiyo.

Swali: Nimeambiwa hakuna saratani, mbona wanataka kurudia?
Jibu: Pole dada. Picha na maabara lazima zikubaliane. Picha ikitia shaka kubwa na maabara ikasema nyama ni ya kawaida, huenda sindano ilikosa. Kama zilitafutwa chembe za kalsiamu, uliza iwapo vinyama vilipigwa eksirei kuthibitisha zimo. Tafadhali usikatae kurudia.