Kikwangulio cha mkono: namna ninavyokichagua na kukitumia jikoni kwangu Kirumba, Mwanza

Mteja wangu mmoja, mvuvi anayeshukia soko la samaki la Mwaloni kisha anakuja kula kwangu, alikuwa anamalizia sato wake na kachumbari pembeni. Akatoa kitu mdomoni, akakiweka kwenye ukingo wa sahani pamoja na miiba. Kikalia. Akakishika tena, akakidondosha, kikalia tena. Akaniita: "Mayu, mwiba wa sato haulii hivi." Nilipokiweka kiganjani nikaona ni ncha ya bati, ndogo kuliko nusu ya punje ya mchele, imejikunja. Nikaenda mbio kutazama kikwangulio changu cha karoti. Safu ya tatu kutoka chini, jino moja halikuwepo.

Siku ile nilimwaga beseni zima la kabichi na karoti, na hela ya yule baba sikuipokea. Mpaka leo namshukuru Mungu kwamba hakumeza. Kikwangulio kile nilikinunua kwa sh. 3,000, nikakiokota tu juu ya turubai nikiwa na haraka ya kuwahi daladala. Siku hizi sinunui hivyo, na ndiyo maana nimekaa kuandika.

Ninachokizungumzia hapa ni kile cha kushika mkononi, bapa, chenye mpini. Wengine mnakiita kikwaruzo, wengine greta. Mbuzi ya nazi ni habari nyingine, na huku kwetu nazi zenyewe zinasafiri kutoka pwani, hatukuni kila siku.

Dukani

Mimi huenda Makoroboi, mtaa uliopata jina kwa mafundi waliokuwa wakitengeneza koroboi kutokana na makopo. Bibi yangu alikuwa na kikwangulio cha namna hiyohiyo: kopo la mafuta lililopasuliwa, likanyooshwa, likatobolewa kwa msumari, likapigiliwa kwenye ubao. Kilifanya kazi yake vizuri, ila kilishika kutu haraka na rangi ya kopo ilikuwa inabanduka. Kwa chakula cha kuuza sikushauri.

Tafuta cha stenlesi. Kama kimeandikwa 18/8, maana yake kuna kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Kromiamu ndiyo inayozuia kutu. Kuna watu wanatembea na sumaku ya redio mbovu, ikinata wanasema hiki si stenlesi. Nami niliamini hivyo miaka mingi, kumbe si kweli. Stenlesi isiyo na nikeli, ile ya 18/0, inanata kwenye sumaku na bado ni stenlesi halali. Kwa hiyo sumaku iache nyumbani. Beba karoti.

Nasema kweli, beba nusu karoti kwenye mkoba. Mwombe muuzaji ruhusa, umwahidi kukifuta. Wa mwisho niliyemwomba aliniangalia kidogo, akasema, "Dada, kwangua, ila usinimwagie dukani." Nikakwangulia kwenye mfuko. Kikwangulio kikali kinatoa nyuzi kavu, kingo zake zimekatika safi, na karoti inateremka bila kurukaruka. Butu kinaponda: unaona maji, unaona vipande vifupi vilivyochanika, na mkono unaanza kusukuma kwa nguvu. Huko kusukuma kwa nguvu ndiko kunakokata vidole.

Kabla ya karoti, mimi hufanya hivi. Nakilaza juu ya kaunta, ncha moja nimeinyanyua, nakandamiza katikati kwa gumba. Bati jembamba linabonyea, na likibonyea halirudi sawasawa. Hicho nakirudisha hapohapo, kwa sababu bati linalopinda kila siku ndilo linalovunjika meno. Kisha nashika mpini na bapa, nausokota kidogo kama ninayekamua nguo. Ukicheza hata kidogo dukani, nyumbani utang'oka ndani ya mwezi. Mpini uliopigwa ribiti mbili naupenda kuliko ule wa plastiki uliochomekwa tu. Kama bapa limezungukwa na fremu ya waya, tazama palipochomelewa: nukta mbili tu kila upande ni chache mno.

Halafu kiinue usawa wa jicho, utazame meno kwa ubavu ukielekea kwenye mwanga. Yawe na kimo kimoja. Jino lililolala, au lenye ufa kwenye kitako chake, ni lile litakaloishia kwenye sahani ya mtu. Pitisha ukucha, usipitishe nyama ya kidole, kwenye kingo za nje kuona kama kuna makapi ya bati yaliyoachwa na mashine. Na uangalie kama nchani kuna vijiguu viwili vya kunasa kwenye ukingo wa beseni. Vinaonekana vidogo, lakini ndivyo vinavyokizuia kisiteleze.

Nilichonacho sasa kilinigharimu sh. 12,000. Kina mashimo makubwa ya karoti na beti (bitiruti) upande mmoja, na madogo ya tangawizi upande wa mpini. Hicho kinanitosha. Vile vyenye pande sita na visu vya ziada vya kubadilisha sivitaki, sehemu nyingi za kuungana ni sehemu nyingi za uchafu kujificha.

Mpwa wangu aliniletea pia kile chembamba kama rula, Microplane ya Marekani. Kilianza kama tupa ya mbao huko Arkansas miaka ya 1990, wapishi wakakihamishia jikoni. Ni kikali sana. Nakitumia kwa kungumanga na ganda la limau tu. Karoti zingenichukua asubuhi nzima.

Jikoni

Weka kitambaa chenye unyevu chini ya beseni, lisitembee. Mkono usio na nguvu ushike mpini, ncha ya kikwangulio inase ukingoni, kiegemee kama ngazi kwenye ukuta. Karoti usiikate kichwa. Menya, osha, kichwa kiache, hicho ndicho mshikio wako. Kandamiza unaposhuka, legeza unapopanda. Wengi wanakandamiza kwenda na kurudi, wanachoka bure na meno yanapinda.

Kwa kachumbari ya kabichi laza karoti kimshazari, utapata nyuzi ndefu zinazoshikana vizuri na kabichi. Kwa wali isimamishe wima upate vipande vifupi.

Ukibakiza urefu wa pingili moja ya kidole, acha. Hapo simama kabisa. Vipande hivyo naviweka bakuli la pembeni, mwisho wa siku vinaingia kwenye supu. Nimeona wasichana wazuri wa kazi wakikazana na kipande cha ukucha kwa kuogopa kuambiwa wanapoteza chakula, na mwishowe ni damu. Msichana anayenisaidia nilimwambia siku ya kwanza: mwanangu, kipande cha karoti sikidai. Ukilazimika kukimaliza, kichome kwa uma. Ukishajikata, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, bana kwa kitambaa safi mpaka damu ikate, na ulichokuwa unakwangua mwaga chote.

Nyanya za rosti ya sangara sizikati vipandevipande tena. Kata nyanya katikati, uso uliokatwa ugusane na mashimo makubwa, sukuma kwa kiganja kilichonyooka. Nyama yote inaingia kwenye bakuli, ganda linabaki mkononi na linakuwa kinga ya kiganja chako. Kilo mbili ninazimaliza kabla maji ya ugali hayajachemka, na rosti inatoka nzito bila maganda yanayoelea.

Tangawizi ikwaruze ganda kwa ncha ya kijiko, kisha ikwangue kwa kukatisha nyuzi zake. Ukifuata urefu wa nyuzi utaishia na ndevu zilizoziba mashimo yote. Ukimaliza, geuza kikwangulio na ukamulie nusu limau kwa nyuma. Ile tangawizi iliyong'ang'ania inadondoka na maji ya limau moja kwa moja kwenye vipande vya samaki. Ongeza kitunguu saumu na chumvi, acha nusu saa. Sangara ana mafuta na anaibeba tangawizi vizuri kuliko samaki wote ninaowapika.

Beti iwe ya mwisho, vinginevyo kila kitu kitakuwa chekundu.

Kuosha

Osha papo hapo. Nyuzi za karoti zikikauka zinashika kama gundi. Elekeza maji kutoka nyuma ya bapa yasukume makapi nje, kisha piga mswaki wa zamani kwa kufuata yanakoelekea meno. Dodoki usilitumie: linachanika, na vipande vyake vinabaki kwenye mashimo usivione. Kama kimenata utomvu au wanga, kwangua kipande cha kiazi mviringo, kitaondoka nao. Usikiloweke usiku kucha, hasa kikiwa na limau na chumvi, maana hata stenlesi ina mwisho wa uvumilivu wake. Kifute, kitundike msumarini kikauke, kisikae kwenye sanduku la vijiko kinapogongwa meno.

Asubuhi kabla ya kuanza kazi nakinyanyua kuelekea dirishani, upande wa ziwa, jua likiingia. Mashimo yote yawake, na kila shimo liwe na jino lake. Ni kazi ya pumzi tatu.

Kile cha zamani sikukitupa. Kinakwangua miche ya sabuni ya kufulia, kinaning'inia bafuni, na nimekifunga kamba nyekundu ili mtu yeyote asikirudishe jikoni.