Somo: Kukokotoa uwezo wa laini ndefu ya faiba

Kabla ya kufungua programu yoyote ya simuleshini, shika kalamu. Hesabu ya nusu ukurasa itakuonyesha laini inakwama wapi, na baadaye utajua kama majibu ya kompyuta ni ya kuaminika.

Mfano wetu ni kilomita 800: vipande 10 vya kilomita 80, kila kimoja kikiishia kwenye amplifaya.

Hatua ya 1. Faiba ya kawaida kwenye nanomita 1550 hupoteza karibu dB 0.2 kwa kilomita (dB, yaani desibeli, ni kipimo cha uwiano wa nguvu: dB 3 ni karibu mara mbili, dB 10 ni mara kumi). Kipande kimoja kinakula dB 16. Konekta na maungio ongeza juu yake.

Hatua ya 2. Amplifaya hurudisha nguvu lakini huacha kelele, nayo hurundikana kipande baada ya kipande. Uwiano wa ishara kwa kelele, katika upana wa nanomita 0.1 (sawa na gigahezi 12.5 hapa), ni 58 (namba isiyobadilika) + nguvu ya chaneli − upotevu wa kipande − kiwango cha kelele cha amplifaya − 10 log ya idadi ya vipande. Kwa nguvu ya dBm 0 (yaani miliwati 1) na amplifaya yenye kiwango cha kelele cha dB 5: 58 + 0 − 16 − 5 − 10 = dB 27. Chaneli ya gigabodi 32 (alama bilioni 32 kwa sekunde, upana wa karibu gigahezi 32) ni pana kuliko kipimo hicho cha gigahezi 12.5, kwa hiyo toa 4.1. Zinabaki 22.9.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi huteleza. Fomula ile inakushawishi uongeze nguvu tu. Lakini mwanga mkali hubadilisha jinsi kioo chenyewe kinavyoupitisha (athari ya Kerr), na chaneli zinaanza kuchafuana. Modeli ya kelele ya Gauss (kelele ya nasibu ya kawaida) huuhesabu uchafu huo kama kelele nyingine: nguvu ikiongezeka mara mbili, uchafu unaongezeka mara nane. Nguvu bora ni pale kelele ya amplifaya inapokuwa mara mbili ya uchafu. Ukizidisha dB 3 kutoka hapo, uwiano unashuka dB 2.2. Ukipunguza dB 3, unashuka 1.5 tu. Kwa hiyo ukiwa na shaka, punguza.

Hatua ya 4. Tuseme dBm 0 ndiyo nguvu bora. Uchafu unapunguza dB 1.8 kutoka zile 22.9, zinabaki 21.1. Kwa kanuni ya Shannon (inayotoa kasi ya juu kabisa ya data kwa uwiano fulani wa ishara kwa kelele) na polaraizesheni mbili (mielekeo miwili ya mtetemo wa mwanga, kila mmoja ukibeba data yake), kikomo ni kama gigabiti 449 kwa sekunde kwa kila chaneli. Vifaa halisi hupata chini ya hapo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbona mtawanyo wa rangi (rangi tofauti za mwanga kusafiri kwa kasi tofauti) hukuutaja?*
Kwa sababu vipokezi vya koherenti (vinavyosoma nguvu na fazi ya mwanga) huusahihisha kidijitali. Tena unatusaidia: ndio unaoitawanya ishara hadi ifanane na kelele ya Gauss. Laini ya zamani yenye faiba za kufidia mtawanyo usiipime kwa modeli hii.

*Vipande vikiwa 20, nguvu bora inabadilika?*
Haibadiliki, ndugu, maana kelele zote mbili zinakua sambamba. Uwiano ndio unaoshuka dB 3, na kikomo kinatoka 449 hadi karibu 386.