Baba akiwa mstaafu wa jeshi, msiba unaanzia kwenye sanduku lake

Baba alifariki nyumbani kwetu Kongwa, alfajiri. Alikuwa askari mstaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), mmoja wa waliovuka mpaka kuingia Uganda katika vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Hata jua halijachomoza, mama alikuwa ameshikiliwa na majirani, wajomba wanatafuta turubai, na baba mdogo akaniita pembeni: "Mwanangu, wewe ndiye unayejua kusoma vizuri. Shika karatasi za kaka yangu." Nilizishika kwa miezi kumi na moja. Ningejua siku ile ninachokijua leo, ingekuwa nusu ya hapo. Kwa hiyo nakuandikia wewe ambaye mzee wako bado yupo, au ambaye umefiwa wiki hii.

Kwanza kabisa, chukua sanduku lake. Nyumba ya msiba haina mlango. Watu wanaingia, wanahamisha vitanda, wanatoa vitu nje, na bahasha inayoonekana chakavu inaishia jikoni kuwashia moto. Baba alikuwa na sanduku la bati lenye rangi ya kijani iliyobanduka pembeni. Nililifungulia chumbani kwa bibi. Juu kulikuwa na kofia yake, chini yake nishani ya Kagera iliyofungwa ndani ya leso, halafu mfuko wa nailoni wenye karatasi zilizokunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Tafuta vitu hivi: cheti cha kumaliza utumishi jeshini, kitambulisho cha mstaafu, barua ya pensheni, kadi ya benki, kitambulisho cha taifa cha NIDA, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kisha nakili namba yake ya utumishi, ile ya askari inayoanza na MT. Namba hiyo itaulizwa kila mahali kuliko hata jina.

Siku hiyohiyo, kikosi kipewe taarifa. Usisubiri mpaka siku ya mazishi imeshapangwa. Sisi tulimtuma kaka na mzee mmoja aliyewahi kutumikia na baba. Wakaenda kambini wakiwa na nakala ya kitambulisho na ile namba. Mzee mwenzake alisaidia sana, kwa sababu anajua aseme nini getini. Kama kwenu kuna umoja wa wanajeshi wastaafu, anza nao. Waulize wazi: mtaleta askari wa kubeba jeneza? Usafiri? Bendera? Mtafika saa ngapi? Majibu yao mpelekee mchungaji au shehe mapema ili ratiba zisigongane.

Kwetu walikuja vijana, wengine wadogo kuliko wanangu. Walibeba jeneza kwa mwendo wa taratibu kwenye vumbi letu jekundu, na kabla halijashushwa wakaikunja bendera kimya kimya, kona kwa kona. Mama, ambaye alikuwa hajanyanyua uso tangu jana yake, alinyanyua. Baba alizoea kutuambia kuwa wenzake wengi wamelala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hivyo kule Muleba, mbali na kwao. Yeye alizikwa karibu na mbuyu ambao babu yake alifungia ng'ombe. Kwa hiyo, hata kama familia imechoka, usiache kwenda kambini kuomba.

Kuhusu gharama nitasema machache: mteue mtu mmoja wa daftari la rambirambi na mwingine wa kushika pesa, na msikope hata shilingi kwa kutegemea kwamba "fedha za mzee zitatoka". Zitatoka, lakini si kabla ya arobaini.

Sasa cheti cha kifo. Mtu akifia hospitali, hospitali ndiyo inayoanza kuandika. Akifia nyumbani kama baba, nenda kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, upate kibali cha mazishi, kisha kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Cheti chenyewe ni cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na wilayani hupatikana kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Hapa ndipo nilipokosea, na kosa hili ndilo lililokula miezi yangu.

Sisi Wagogo kwenye jina la babu tunatamka L. Kijijini, kanisani na kwenye NIDA limeandikwa kwa L. Karani aliyemwandikisha baba jeshini, miaka hiyo ya ujana wake, alisikia R, akaandika R. Baba aliitumikia nchi na R yake, akastaafu nayo, akalipwa pensheni nayo, na akirudi nyumbani anaitwa kwa L. Mimi nikaandikisha kifo kwa L kwa sababu ndilo jina ninalolijua. Herufi moja. Kila dirisha nililofika niliambiwa kwamba aliyekufa si huyu anayelipwa.

Kwa hiyo kabla hujataja jina kwa mtendaji, weka mbele yako barua ya pensheni na cheti cha jeshi, usome herufi kwa herufi. Majina yakitofautiana na ya kitambulisho, tafuta wakili au hakimu akuapishe, upate hati ya kiapo inayosema kuwa majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Toa nakala nyingi, zigongwe muhuri. Na angalia jina la mama pia kwenye cheti cha ndoa. Kama ndoa ilifungwa kanisani na cheti kimepotea, rejista ya parokia au usharika huwa ipo.

Kadi ya benki ifungiwe. Nalisema hili kwa uchungu. Ndugu mmoja alijua namba ya siri ya baba, akatoa pensheni ya miezi miwili iliyoingia baada ya kifo, akidhani anasaidia kununua mahindi ya msiba. Fedha inayoingia baada ya mstaafu kufariki si ya familia, na ikishachukuliwa itadaiwa. Tulichangishana kuirudisha. Peleka taarifa ya kifo benki na kwa mlipaji wa pensheni mapema, kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Pensheni ya baba ilikuwa ikilipwa na Hazina, kwa hiyo usichanganye na PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma ulioanza 2018 kwa kuunganisha mifuko ya zamani ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Isome ile barua ya pensheni, itakuambia nani mlipaji.

Baada ya hapo ndipo mirathi. Ukoo ukae kikao. Sisi tulikaa chini ya mwarobaini, siku ya tatu baada ya kuanua tanga, na muhtasari ukaandikwa palepale: nani wamehudhuria, nani warithi, nani amependekezwa kuwa msimamizi, sahihi za wote. Muhtasari huo, cheti cha kifo na barua ya mtendaji tukavipeleka Mahakama ya Mwanzo ya mahali ambapo marehemu alikuwa na makazi ya kudumu. Kaka yangu anaishi Dar es Salaam na alitaka kufungua huko kwa urahisi wake. Hapana, ni kule alikoishi mzee. Maombi hujazwa Fomu Namba 1. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na msimamizi akiteuliwa hupewa Fomu Namba 4. Hiyo ndiyo inayofungua milango ya benki na Hazina. Ndani ya miezi minne tangu uteuzi, msimamizi anapaswa kurudisha orodha ya mali, Fomu Namba 5, na baadaye hesabu ya mgawanyo, Fomu Namba 6.

Msimamizi si mrithi wa vyote. Tulimchagua mama mdogo wetu aliyekuwa karani, kwa sababu hakuwa na sehemu ya kugombania, na mama yangu alilala usingizi.

Kama mzee wako bado yu hai, Jumapili hii kaa naye. Mwombe afungue sanduku. Muulize jina aliloandikishwa nalo jeshini, herufi kwa herufi, na namba ya MT, uandike kwenye daftari mbele yake na mama akiwepo. Baba yangu angefurahi kuulizwa. Angeanza na namba, kisha angeendelea na Kagera mpaka jioni.