Namna ya kupiga picha ambazo wapiga picha wa Goma wanazikwepa

Waulize vijana wenye kamera hapa Goma, mashariki mwa Kongo, wanapenda kupiga nini. Watakutajia volkano ya Nyiragongo jioni, ziwa Kivu alfajiri, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, likishuka na magunia ya makala, au bibi harusi akiwa peke yake. Foto ya pasipoti inawachosha, ya kilio, yaani ya msiba, wanaikataa, na ya ukoo mzima kwenye harusi wanaipiga mbiombio. Mimi nina studio ndogo Birere, na hizo tatu ndizo watu wanazozihitaji kuliko zote. Zinastahili ufundi wetu wote.

Nianze na pasipoti. Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi ni milimita 35 kwa 45, na uso, kutoka kidevuni hadi utosini, uchukue kama milimita 32 hadi 36. Viza ya Marekani inataka mraba wa milimita 51, na tangu Novemba 2016 miwani haikubaliwi. Mwombe mteja akuonyeshe masharti ya ofisi anakoipeleka, basi.

Ugumu wenyewe uko kwenye ngozi yetu mbele ya ukuta mweupe. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wa mtu mweusi unazama gizani. Halafu mpiga picha anausafisha kwenye kompyuta mpaka mama wa watu anageuka rangi ya majivu. Usifanye hivyo. Pima mwanga usoni, achana na ukuta. Kama ni simu, gusa uso kwenye kioo, kisha pandisha mwanga polepole hadi nywele ziachane na paji la uso. Mteja asimame mbele ya ukuta kwa mita moja na nusu, ili kivuli chake kisimfuate nyuma. Dirisha liwe upande mmoja, upande wa pili mtu akushikie kipande kikubwa cha frigoliti nyeupe (lile povu gumu na jepesi la kufungia vyombo) kirudishe mwanga shavuni. Wewe rudi nyuma mita mbili, uvute kwa lenzi. Ukimsogelea sana, pua inakua na masikio yanajificha.

Watu wengi wakikaa mbele ya kamera wanakaza uso kama wameitwa polisi. Mwambie papa afumbe macho, atoe pumzi, alegeze mabega, afumbue. Piga hapo hapo. Uso huo atatembea nao miaka. Mtoto mchanga mlaze juu ya shuka nyeupe karibu na dirisha, umpige kutoka juu, mikono ya mama isionekane. Ukimaliza, karatasi ya sentimita 10 kwa 15 inabeba picha nane.

Kilio kina maneno machache. Ongea kwanza na mkubwa wa familia, umwulize nani lazima aonekane na nini kisipigwe. Zima flashi na mlio wa kamera. Usipite kamwe kati ya mama na jeneza. Ndugu walioko Kinshasa au Ulaya, ambao hawakuweza kufika, wanangoja kuona nani alikuja, kwa hiyo piga nyuso za waliohudhuria. Kaburi lipige pamoja na vilivyo jirani, mti au msalaba wa pembeni, ili siku wakija walipate. Picha hizo mpe familia tu, usiziweke mtandaoni.

Picha ya ukoo inahitaji matayarisho kuliko kamera nzuri. Siku moja kabla, mwombe shangazi anayejua watu wote akuandikie makundi, na siku yenyewe yeye ndiye aite majina. Anza na kundi kubwa, halafu punguza. Wazee wapewe viti na waachiliwe mapema. Funga lenzi hadi f/8, yaani tundu lake liwe dogo ili mistari yote ionekane wazi, lenga macho ya mstari wa mbele au wa pili, panda juu ya kiti, na piga mara sita au saba kwa sababu daima kuna mtu aliyefumba macho.

Kuna jambo moja la Goma peke yake. Saa sita jua letu liko karibu utosini, na ardhi ya mawe meusi ya volkano inameza mwanga. Pale penye udongo mweupe, ardhi inaurudisha usoni kutoka chini. Hapa hairudishi kitu, macho yanabaki mashimo. Kwa hiyo wapange kwenye kivuli cha jengo, karibu na ukingo wake, wakitazama penye mwangaza, na tandika shuka nyeupe au turubai jeupe chini mbele ya miguu yao, nje ya picha. Ukuta wa mawe meusi ukiwa nyuma yao, kamera inakosea upande wa pili: inaongeza mwanga, gauni la bibi harusi linaungua, yaani linabaki weupe mtupu. Punguza kidogo, uangalie kama mishono ya gauni bado inaonekana.

Na chapisha moja kubwa kwa ajili ya koko, bibi au babu wa ukoo. Mpelekee nyumbani kabla wageni wa mbali hawajaondoka, akutajie majina ya watu wa kila mstari, nawe uyaandike nyuma kwa kalamu.