Kuipanga Upya Bustani ya Kijapani ya Nyumbani Mwanzoni mwa Vuli

Juma lililopita nilimsaidia jirani yangu kuipanga upya bustani yake ndogo ya mtindo wa Kijapani, ambayo ilikuwa imesongamana kwa miaka mingi hata azalea, vile vichaka vya maua, zikalifunika jiwe kuu na mti wa mepo (maple) ukabanwa ukutani. Aliniomba nimwandikie utaratibu tulioufuata, nami ninauweka hapa kwa faida ya kila mwenye bustani ya namna hiyo mahali penye baridi ya msimu. Mwanzo wa vuli, yaani majira ya kati ya kiangazi na baridi, hufaa kwa kazi hii kwa sababu hewa imeanza kupoa ilhali udongo ungali na joto la kiangazi. Majani hayadai maji mengi, na mizizi hupata majuma kadhaa ya kukua kabla ya baridi kali.

Hatua ya 1: Chagua mahali pa kutazamia

Bustani ya Kijapani hupangwa kwa kufuata jicho la mtu aliyeketi. Katika hekalu la Ryōan-ji mjini Kyoto kuna mawe 15, lakini aliyeketi barazani hawezi kuyaona yote kwa mara moja. Keti basi pale unapoketi kila siku, uchomeke vigingi mahali ambapo kila mti utasimama, kisha uvitazame asubuhi na jioni kabla ya kugusa jembe.

Hatua ya 2: Weka mawe kabla ya mimea

Zika takriban theluthi moja ya kila jiwe ili lionekane limeota ardhini. Tumia mtaimbo na vipande vya mbao.

Hatua ya 3: Amua kipi kihame sasa

Azalea zisizopukutisha majani huhamishika vizuri wakati huu, kwa kuwa mizizi yake ni myembamba, imeshikana, na haiendi chini sana. Usizipogoe, maana vichomozo vya maua ya mwakani vimekwisha kujifunga tangu kiangazi. Mti wa mepo usiuhamishe ungali na majani. Kwake tumia njia ambayo Wajapani huiita *nemawashi*: chimba mtaro kuuzunguka, kata mizizi ya pembeni kwa msumeno mkali, urudishe udongo, uuache mti uoteshe mizizi midogo karibu na shina.

Hatua ya 4: Toa donge la mizizi

Kwa mti wenye shina moja, kadiria upana wa donge kuwa mara 10 hadi 12 ya unene wa shina. Shina la sentimita 3 linahitaji donge la sentimita 30 hadi 36. Azalea ina vishina vingi, hivyo ichimbe ukifuata ukingo wa matawi yake na usishuke sana. Mwagilia siku moja kabla, kwa maana udongo mkavu humeguka. Mimi hutumia sepeto bapa lililonolewa, wala sikubali uma wa bustani katika hatua hii, kwa sababu huchana mizizi badala ya kuikata. Lifunge donge kwa gunia la katani, ulibebe kwa kulishika chini. Kamwe usiuvute mti kwa shina.

Hatua ya 5: Panda kwa maji

Hapa ndipo nilipopoteza azalea yangu ya kwanza, na ndiyo sababu nitaeleza kwa kirefu. Niliiteremsha shimoni, nikajaza udongo mkavu na kuukanyaga kwa buti hadi ukawa mgumu, nikaamini kwamba nimemaliza. Baada ya majuma matatu majani yalijikunja ingawa nilikuwa nikimwagilia kila siku. Nilipoifukua nilikuta chini ya donge uwazi wa kuingiza ngumi, na mizizi iliyoning'inia humo ilikuwa ya kahawia, ikivunjika kama nyasi kavu. Udongo wa juu ulikuwa umeshikana na kuyazuia maji yasifike chini.

Tangu hapo mimi hutumia njia iitwayo *mizukime*. Chimba shimo lenye upana mara mbili au tatu ya donge, lakini kina chake kisizidi kimo cha donge. Laza fito juu ya shimo ili uhakikishe kwamba pale shina linapoanza kupanuka kuwa mizizi hapazami; azalea mimi huiinua sentimita 2 au 3 zaidi. Ugeuze mti sasa, uso wake uelekee mahali pa kutazamia, kwa sababu ukishatia maji hutaweza kuugeuza bila kuvunja donge. Jaza udongo hadi nusu ya shimo, mimina maji mpaka uwe uji mzito, kisha uchokoe kwa fimbo nyembamba pande zote, hasa chini ya donge. Mapovu yatapanda juu. Endelea mpaka yakome. Subiri maji yanywewe ndipo ujaze sehemu iliyobaki kwa namna hiyo hiyo.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, lijaribu shimo kabla ya kupanda: lijaze maji, na kama bado yamesimama siku ya pili, panda juu ya tuta, la sivyo mizizi itaoza. Pili, msonobari kwa desturi hupandwa kwa udongo mkavu unaoshindiliwa kwa fimbo tabaka kwa tabaka. Usiioshe mizizi yake, kwa kuwa udongo ule wa zamani una kuvu wanaoisaidia kunyonya maji na chakula.

Hatua ya 6: Funika ardhi

Tandaza changarawe kwa kina cha sentimita 5, na penye kivuli bandika kigoga, yaani kile kizulia cha kijani cha penye unyevu, ukikigandamiza kwa kiganja. Usitie mbolea ya naitrojeni msimu huu. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole karibu na donge. Ukikuta unyevu, acha.

Mti wa mepo wa jirani umekwisha kuzungushiwa mtaro wake. Tutauhamisha baridi ikiisha, kabla vichipukizi havijafumbuka, na kigingi kinaishika nafasi yake kando ya jiwe kuu.