Gari linachemsha Ngomo: tafuta maji yanakoenda kabla hujafungua injini

Ukipanda kutoka Kamanyola kurudi Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa njia ya mlima wa Ngomo, hukosi kukuta gari limeegeshwa konani, boneti iko wazi, dereva kashika bidoni la maji. Bondeni kuna joto, kisha mlima unaanza bila kubisha hodi, na nyuma kuna watu saba na magunia ya mchele. Gari lenye kasoro ndogo ya maji linaweza kuzunguka mjini Bukavu, Nyawera na Kadutu, mwezi mzima bila kulalamika. Ngomo italiumbua kwa nusu saa.

Ninayoeleza hapa nimeyafanya zaidi kwenye Toyota Carina na Corolla za miaka ya 1990, lakini magari mengine ya umri huo hayatofautiani sana.

Hatua ya 1: Simama

Mshale wa joto ukianza kupanda, zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho na utafute pa kusimama. Utaloa jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Mvuke ukishatoka, zima injini papo hapo. Kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka uweze kuubana mpira wa juu wa rejeta kwa mkono mtupu bila kuungua. Mara nyingi ni dakika 40 na zaidi. Wala usimwage maji baridi kwenye injini ya moto. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu, kinapinda au kupasuka, na hapo umejitengenezea ugonjwa ambao hukuwa nao.

Hatua ya 2: Jaza, weka alama, ulale

Wateja huniambia: "Fundi, maji inaishaka, lakini sioni kwenye inaendaka." Basi tuyafuatilie. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, jaza rejeta hadi shingoni, na kitangi cha akiba hadi mstari wa juu. Chora alama kwa kalamu ya wino mzito. Endesha siku nzima kama kawaida, usiku tandika katoni chini ya injini.

Kesho yake soma mambo matatu: katoni, kitangi na shingo ya rejeta. Doa kwenye katoni linakuonyesha upande wa kuanzia. Kama kitangi kimejaa kupita alama na rejeta imepungua, maji yalitoka yakashindwa kurudi: shuku kifuniko, au kampira kale kembamba kanakokwenda kwenye kitangi. Kama vyote viwili vimepungua na katoni ni kavu, ruka hadi hatua ya 6, ila upitie zulia la miguuni kwanza. Likiwa na unyevu wenye harufu tamutamu, hita ndiyo inayovuja.

Hatua ya 3: Kifuniko

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa niliwahi kuaibika. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi yanachemka kwetu kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Thamostati ya gari hizi, kile kilango kinachoruhusu maji ya moto kwenda kwenye rejeta, inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Nafasi iliyobaki ni ndogo sana. Kinachokuokoa ni kifuniko: kile kilichoandikwa 0.9 (yaani bar 0.9) kinashikilia shinikizo linalosogeza kuchemka hadi karibu nyuzi 115. Kikilegea, maji yanachemka mapema, yanatoroka kupitia kitangi, na wewe unatafuta tundu ambalo halipo.

Mteja mmoja aliniletea Carina inayochemsha. Nikafungua kichwa, nikabadilisha gasketi, nikafunga kwa kujiamini. Wiki mbili baadaye karudi na ugonjwa uleule. Nilipogeuza kifuniko, mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka kama kisigino cha kiangazi. Pesa ya kazi nilimrudishia.

Angalia basi: mpira uwe laini, springi isukume kwa nguvu, na kile kivalvu cha katikati ukikivuta kwa kucha kirudi chenyewe. Ukinunua kingine, namba iwe ileile. Cha shinikizo kubwa zaidi kinaweza kupasua matangi ya plastiki ya rejeta iliyozeeka.

Hatua ya 4: Uvujaji wa nje

Maji yaliyokauka huacha ukoko mweupe au wa rangi ya kulanti (dawa ya rejeta). Chukua tochi upitie klempu zote, maungio ya tangi la plastiki na rejeta, mipira ya hita inapoingia ndani ya gari, na kitundu kidogo chini ya pampu ya maji. Kitundu hicho kikidondosha maji, pampu imekwisha, usikizibe. Fanya kazi hii alfajiri, kwa sababu kuna uvujaji unaojitokeza chuma kikiwa baridi tu.

Hatua ya 5: Maji hayapungui, ila mshale unapanda

Gari likichemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia, shuku feni. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo, ukichomoa plagi ya swichi ya joto huku ufunguo umewashwa, feni inatakiwa kuzunguka. Isipozunguka, anza na fyuzi, kisha rilei, kisha mota. Vidole viwe mbali.

Mpira wa juu ukiwa wa moto na wa chini baridi, ni thamostati iliyokwama au rejeta iliyoziba. Itoe thamostati, ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji juu ya makaa. Isiguse chini. Kabla maji hayajaanza kutokota, inapaswa kuwa inafunguka. Ikibaki imefumba, tupa, ununue nyingine. Wapo mafundi wanaoiondoa moja kwa moja. Injini inashinda baridi na kunywa mafuta, na kasoro yenyewe inabaki imefichwa.

Hatua ya 6: Gasketi ya kichwa, ile joint de culasse

Washa injini ikiwa baridi. Mpira wa juu ukiwa mgumu ndani ya dakika moja, au mapovu yakitoka shingoni bila kukoma, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Toa plagi za cheche: moja ikiwa safi kama imeoshwa, silinda yake inakunywa maji. Utando kama maziwa chini ya kifuniko cha oili peke yake usikutishe, safari fupi za asubuhi ya baridi huuleta. Uukute kwenye kijiti cha kupimia oili, hapo fungua, na kichwa kipimwe kwa rula ya chuma kabla ya gasketi mpya. Yai bichi ndani ya rejeta ili kuziba uvujaji? Hapana.

Hatua ya 7: Kujaza upya

Nusu kulanti, nusu maji ya mvua. Ya ziwa Kivu yana madini mengi yanayoganda ndani ya rejeta. Pandisha pua ya gari kwenye mteremko (hilo Bukavu haliuzwi), fungua hita, jaza polepole ukiminyaminya mpira wa juu, acha injini iungurume kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu yaishe na feni iwake. Funga.

Shuka hadi Kamanyola, upande tena Ngomo ukiwa na mzigo. Asubuhi inayofuata fungua kifuniko uangalie shingo.