Kuchanja ng'ombe dhidi ya ndigana kali: dawa na chanjo ziende pamoja

Chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, haifanani na ya mapele ngozi au kimeta. Hapa ng'ombe anapewa ugonjwa wenyewe, yaani vimelea hai vya *Theileria parva* vinavyousababisha, na papo hapo anachomwa oksitetrasaiklini (antibiotiki) inayofanya kazi kwa muda mrefu ili vimelea visimzidi nguvu. Njia hii ilibuniwa Muguga, Kenya, ndiyo maana mchanganyiko wake hadi leo unaitwa wa Muguga. Una aina tatu za vimelea: Muguga, Kiambu 5 na Serengeti.

Kuitengeneza ni kazi ya maabara, si ya zizini. Kupe wachanga hunyonya damu ya ng'ombe aliyeambukizwa, hujivua ngozi wakawa wakubwa, kisha huwekwa kwenye masikio ya sungura kwa siku chache ili vimelea vikomae katika tezi zao za mate. Baadaye husagwa, majimaji yake huchanganywa na gliserini na kugandishwa katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi -196. Kwa hiyo mtungi wa naitrojeni ukikauka njiani, chanjo imekufa, hata kama mrija ulioibeba bado unaonekana mzima. Pima kina cha naitrojeni kwa kijiti kabla ya kuondoka, na usisafiri na mtungi huo ndani ya gari lililofungwa madirisha.

Chagua ng'ombe wenye afya. Acha wenye homa, waliokonda sana, wenye mimba kubwa na ndama wa chini ya mwezi mmoja.

Kosa linaloua zaidi ni kukisia uzito. Oksitetrasaiklini ya asilimia 30 hutolewa mg 30 kwa kilo, yaani ml 1 kwa kila kilo 10. Ng'ombe wa kilo 240 anahitaji ml 24. Ukimkadiria kilo 180 ukampa ml 18, umempa robo pungufu, na ndigana uliyompandikiza itampanda kweli. Tumia utepe wa kupimia kifua, mmoja mmoja. Choma ndani ya msuli na ugawe sehemu mbili au tatu ili pasivimbe.

Tunashauri dawa itangulie. Mnyama akiponyoka baada ya chanjo lakini kabla ya dawa, una mgonjwa anayekimbia malishoni.

Chanjo yenyewe: yeyusha mrija wa ml 0.5, changanya na maji yake maalumu hadi kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji (kwa kawaida mrija mmoja hutosha ng'ombe 40), uache utulie kwa muda ulioelekezwa, kisha uweke chupa juu ya barafu. Choma ml 1 chini ya ngozi, karibu na mitoki (tezi za limfu) ya chini ya sikio. Maliza siku hiyohiyo ndani ya saa chache. Kilichobaki hakirudishwi kwenye mtungi, hicho mwaga. Vaa glavu na miwani wakati wa kutoa mirija, kwani huweza kupasuka.

Mwekee mnyama hereni na uandike tarehe, uzito na dozi.

Kuanzia wiki ya pili hadi ya nne, angalia mitoki na joto. Mitoki kuvimba kidogo ni kawaida. Joto likipanda juu ya nyuzi 39.5 likakaa siku mbili, hasa mitoki ikiwa mikubwa au mnyama akiacha kula, mwite daktari wa mifugo. Dawa ya kutibu ndigana kali, buparvakwoni, hutolewa mg 2.5 kwa kilo. Ikiwa ya asilimia 5, ni ml 1 kwa kila kilo 20. Ukichelewa hadi pumzi iwe ngumu na povu litoke puani, mapafu yamejaa maji na dawa haisaidii sana.

Kinga hii haizuii magonjwa mengine ya kupe, yaani ndigana baridi, kukojoa damu na maji moyo, kwa hiyo kuogesha kwa dawa ya kupe kunaendelea. Palipo na nyati karibu, vimelea vyao huweza kuipita kinga. Ng'ombe aliyechanjwa pia hubaki akibeba vimelea, basi usimpeleke mahali pasipo na ndigana kali bila kuuliza idara ya mifugo.